Pua ya Mzee Junius

Ozella Suggs alimng'oa mtu jino saa tano asubuhi, siku ya Jumamosi, mbele ya foleni ya wateja, na wateja hawakusogea hata hatua moja kwa kuogopa kupoteza nafasi zao. Mtu mwenyewe alikuwa dereva wa lori kutoka Teksas. Kosa lake? Alikula matonge mawili, akasukuma sahani, akasema ninyi huku mnachoma nguruwe kwa sababu hamna ubavu wa kumchoma ng'ombe. Halafu akauliza kama ipo sosi ya nyanya. Neno la ng'ombe Ozella angelimeza, maana mtu wa Teksas ni mgonjwa na ugonjwa wake unajulikana. Lakini nyanya! Aliweka chini mapanga yake mawili ya bucha, akajifuta mikono kwenye aproni, akazunguka kaunta, akamtandika ngumi moja tu.

"Jino lako hili hapa," alimwambia, akiliokota sakafuni. "Kalichovye kwenye nyanya."

Kisha akarudi kwenye kigogo chake cha kukatia nyama na kuuliza nani anayefuata.

Hapa kwetu, mashariki ya Karolina ya Kaskazini, nguruwe huchomwa mzima, kwa makaa ya mwaloni na hikori, miti migumu ya huku, nusu siku nzima. Kisha hukatwakatwa na kutiwa siki, chumvi na pilipili. Basi, hakuna cha zaidi. Ukivuka Raleigh kuelekea magharibi unakuta watu wanachoma bega peke yake, wanalitia nyanya na sukari, na hawaoni haya, wana makanisa na wanasomesha watoto kama sisi. Ukishuka Karolina ya Kusini wanapaka haradali mpaka nyama inageuka manjano. Memphis huko wanang'ang'ania mbavu. Msidhani ni mzaha. Kuna ndugu hapa wamezikwa hawasemezani kwa ajili ya mambo haya, na wajane wao hawasalimiani hadi leo.

Ozella alikuwa na miaka hamsini na miwili, mfupi, mpana, mikono ya kubeba magunia. Alikata nyama kwa mapanga mawili kwa pamoja, kushoto na kulia, na kigogo chake kilikuwa kimebonyea katikati kwa miaka ya kupigwa. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka tisa, amesimama juu ya kreti, kwa sababu baba yake, Mzee Junius Suggs, alisema mtoto anayefikia kaunta ni mtoto anayefaa kazi.

Mzee Junius alikuwa na pua. Wengine wana sauti, wengine wana mashamba, yeye alikuwa na pua. Alikaa barandani kwake, hatua hamsini kutoka banda la kuchomea, gazeti mkononi, halafu ghafla anapaza sauti: "Bega la kulia linataka kuungua! Mmelala?" Na kweli, ukifunua bati lililomfunika nguruwe unakuta bega la kulia linataka kuungua. Hakuwahi kukosea. Na pua ile aliifundisha kwa makofi. Jioni aliwaita watoto wake wawili, Ozella na mdogo wake Thurman, akawafunga macho kwa kitambaa na kuwasogeza kwenye makaa mpaka nyusi zikaanza kujikunja.

"Nusa. Hii nini?"

"Mwaloni, Baba."

"Na hii?"

Ukikosa, kofi. Ukikosa tena, kofi la upande wa pili ili nyuso zilingane. Ozella alipofika miaka kumi na miwili alikuwa hakosi tena kabisa. Thurman alipigwa mpaka miaka kumi na tisa, mara ya mwisho mbele ya wateja, kwa kuwasha moto wa msonobari, ambao moshi wake huharibu nyama. Mzee alimchukua nguruwe yule mzima akamtupia mbwa, akachukua tambara la kupakia siki, limelowa na pilipili yake, akamchapa nalo kijana wake usoni hadi akawa haoni. Thurman aliosha macho bombani, akapanda basi la kwenda magharibi, na huko akapata kazi kwenye mgahawa wa mabega na nyanya. Mzee alipopata habari alisema afadhali angekwenda jela.

Na mbele ya wazee wa kanisa, si mara moja wala mbili, Mzee Junius alisema: "Nikifa, banda hili ni la mwenye pua yangu." Hakuandika popote. Kwa nini aandike? Kila mtu alijua anamsema nani. Ozella hakuwahi kusifiwa na baba yake kwa lolote lingine, si kwa sura, si kwa akili, si kwa kuimba. Pua tu. Neno hilo moja alilibeba maisha yake yote.

Aliwahi kuolewa, ndiyo. Mwanamume aliitwa Elwood, fundi wa matrekta kutoka Karolina ya Kusini, mpole kweli, mwenye kasoro moja. Kasoro hiyo aliificha miaka sita. Jumapili moja Ozella alimfuma chooni, amesimama, anachovya nyama kwenye chupa ya haradali aliyotumiwa na mama yake. Alimmwagia chupa nzima kichwani. Elwood akamsukuma kwenye sinki, Ozella akamvunja kifundo cha mkono kwa mti wa kusukumia chapati, na ndoa ikaishia hapo. Watu wakimuuliza kulikoni, alijibu bila kupepesa: "Alikuwa na mwingine."

Mzee Junius alifariki mwezi wa pili, akiwa na miaka themanini na minne. Baada ya maziko watu walirudi uani, meza zikatandikwa vitambaa vyeupe, na Ozella, ambaye hakuwa amefumba jicho siku mbili, alikuwa ameshachoma nguruwe wawili wa kumzikia baba yake. Alikata nyama huku analia, machozi yanaanguka kwenye kigogo. Hakuyafuta.

Hapo ndipo Thurman alipotokea na sufuria.

Miaka ishirini na tano ya magharibi ilikuwa imemnenepesha shingo. Alivaa suti nzuri. Aliweka sufuria mezani, mbele ya mama yao, Bibi Lovie, akafunua kifuniko.

"Umeleta nini humo?" Ozella aliuliza.

"Sosi."

"Sosi ipo."

"Nina wageni wangu wametoka mbali, dada. Na wao wale."

"Watakula ya Baba. Leo siku ya Baba."

"Baba amekufa, Oze." Thurman alisema taratibu, na ulevi kidogo ulikuwemo. "Na siki yake imekufa naye. Nilioshwa nayo macho, mimi naijua kuliko wewe."

Ozella alitazama ndani. Nyekundu. Alichukua sufuria kwa mikono miwili akaibwaga chini, na nyanya zikaruka zikamlowesha Bibi Lovie viatu vyake vya kanisani. Thurman alimwita dada yake jina ambalo halisemwi msibani. Ozella akampiga sikio kwa ubapa wa panga. Sikio likapasuka. Wanawake wakapiga kelele, meza ikapinduka, saladi ya kabichi ikamwagika juu ya maua, na hao wawili, watu wazima wenye mvi, wakashikana makoo kama walivyoshikana walipokuwa watoto. Ozella alimng'ata mkono. Thurman alimpiga goti la tumbo. Ozella alipojinasua na kugeuka kuokota panga la pili, Thurman alikuta beleshi la makaa limeegemezwa ukutani. Alilizungusha kwa nguvu zake zote. Lilimpata dada yake kisogoni.

Mlio wake kila aliyekuwepo anaukumbuka. Ozella alianguka kifudifudi kwenye majivu, damu ikatoka masikioni. Wazee wawili wa kanisa walimkalia Thurman mgongoni. Na mtu mmoja, kwa kuwa watu wa hapa ni watu wa hapa, alikimbia kumfunika nguruwe asirukiwe na damu.

Walimshona nyuzi kumi na moja. Polisi walipokuja wodini kuuliza, Ozella alisema aliteleza. Askari alisema, mama, uliteleza ukaangukia beleshi kwa kisogo? "Nina bahati mbaya," Ozella alijibu. Mambo ya ndani hayapelekwi mahakamani, na mtu wa damu yako huwezi kumtia pingu, hata kama unapanga kumuua mwenyewe.

Siku ya nne muuguzi alimletea kahawa. Alikunywa, akaona ni maji ya moto tu. Akadhani ni kahawa ya hospitali. Siku ya sita alirudi nyumbani, akaenda bandani moja kwa moja, akafungua dumu la siki na kulitia pua. Kimya. Akafukua makaa, akainama hadi yakamuunguza kidevu. Kimya. Akachukua siki kwa kijiko: uchachu aliusikia ulimini, chumvi aliisikia, pilipili ilimuwasha kama kawaida. Lakini moshi haukuwepo, mafuta hayakuwepo, mwaloni na hikori vilikuwa kitu kimoja na ukuta. Alilibamiza dumu ukutani, akaketi kwenye matope ya siki. Aliogopa. Mwanamke ambaye hakuwahi kuogopa mtu wala mbwa aliogopa hadi meno yakagongana, kwa sababu banda lilikuwa la mwenye pua, na yeye hakuwa nayo tena.

Hakumwambia mtu. Alijifunza kuchoma upya, kama kipofu anavyojifunza nyumba yake. Alitandaza kiganja juu ya bati kupima joto. Alitega sikio: mafuta yakidondoka moja moja, sawa, yakianza kufululiza, hatari. Siki aliipima kwa kikombe, yeye ambaye maisha yake yote aliimimina kwa kukisia. Saa ya ukutani ikawa ndiyo pua yake. Mara mbili moto uliruka kwenye mafuta bila yeye kujua, na mara ya pili ulimla nyusi zote na kope za jicho moja. Alisema aliinama vibaya.

Na hasira zikazidi, jamani. Ile ya kwanza ilikuwa hasira ya mtu anayejiamini. Hii ilikuwa ya mtu anayeficha. Mteja akisema tu, "Mama Ozella, leo moshi umekolea kidogo," alitolewa kwa kola. Yule wa Teksas aliyeng'olewa jino aliingia katika miezi hiyo hiyo. Watu walicheka wakasema Oze ni yule yule. Hawakujua alivyokuwa akirudi chumbani, akajipaka marashi ya mama yake puani, akavuta pumzi, akavuta tena, halafu akaupiga mto ngumi mpaka ukatoka pamba.

Mwezi wa kumi Thurman alirudi. Kule magharibi mkewe alikuwa amemfukuza, na mwenye mgahawa wa mabega amefunga biashara. Alishuka garini na sanduku moja, sikio lake lina kovu, akasema amekuja kuchukua nusu yake.

"Nusu ya nini?" Ozella alimuuliza kutoka kwenye rundo la kuni.

"Ya banda la baba yangu."

"Nusu yako nimekuwekea." Alimrushia gogo la mwaloni. Lilimpata begani. Thurman akaokota lile lile akamrudishia. Wakarushiana kuni pale uani mchana kweupe, kila mmoja na rundo lake, kioo cha gari kikavunjika, kidole cha Thurman kikavunjika, Ozella akapasuliwa mdomo, mpaka Bibi Lovie, miaka themanini na mmoja, alipotoka barandani na bunduki ya marehemu akapiga hewani. Teke la bunduki lilimkalisha chini. Akasema akiwa amekaa hapo hapo:

"Yatosha! Mnaniua kabla ya siku zangu. Baba yenu alisema mwenye pua. Basi tutaitafuta pua. Jumamosi, mbele ya kanisa zima. Sahani mbili: moja nyama ya moto wa kuni, moja ya moto wa gesi. Mkipata wote, mtagawana. Akikosa mmoja, ataondoka hapa na sitaki kumwona hadi kwenye jeneza langu. Mmenisikia?"

"Nimekusikia, Mama," Thurman alisema.

Ozella alifuta damu mdomoni.

Ndani, mlango umefungwa, Bibi Lovie alimshika mkono binti yake, anacheka peke yake. "Unaona nilivyompata? Yule kaishi ndani ya nyanya miaka ishirini na tano. Hana pua hata ya kunusa choo. Hata utotoni hakuwa nayo. Tutammaliza mbele ya watu, aondoke na adabu yake, nawe ubaki na amani."

"Mama..."

"Nini tena?"

Ozella alifungua kinywa. Maneno yalikuwa pale, mepesi tu, mama mimi sinusi. Alimtazama mama yake, uso umejaa furaha ya hila, akaona akilisema neno hilo atakuwa amebaki mwanamke mnene mwenye mapanga na basi. "Hakuna," alisema. Nusu kwa nusu, alijiambia. Sahani mbili tu, hata kwa kubahatisha.

Jumamosi walijaa uani, kanisa zima na wasio wa kanisa. Bandani kulikuwa na nguruwe mwingine juu ya makaa kwa ajili ya wateja wa alasiri, lakini nani angebaki kumlinda siku kama hiyo? Wote walikuwa nje. Nyama ya sahani zote mbili alikuwa ameikata Bibi Lovie mwenyewe, ndogo ndogo, akachanganya na vipande vya ngozi kavu, akatia siki ya dumu moja. Kwa macho usingetofautisha.

Thurman alitangulia. Alifungwa kitambaa machoni. Akaonja ya kushoto, akaonja ya kulia, akarudia ya kushoto, akainama kumnong'oneza mama yake sikioni. Watu walimtazama Bibi Lovie. Furaha ilimtoka usoni taratibu, akafumba midomo. Akaashiria Ozella aje.

Ozella alikaa. Kitambaa kilimbana kovu la kisogoni. Tonge la kwanza lilikuwa uchachu, chumvi, pilipili. La pili uchachu, chumvi, pilipili. Alitafuta kwa meno. Ngozi ya kuni inavunjika, alijiambia, ya gesi inavutika. Lakini mama alikata ndogo mno, zote zilivunjika. Alitafuta kwa ulimi mafuta ya bega. Jasho lilimtiririka kifuani. Alivuta hewa kwa pua kwa nguvu mpaka ikalia, na watu wakadhani anafanya mbwembwe, wakashangilia. "Mwonyeshe, Oze! Mwonyeshe!"

Alikumbuka hofu aliyokaa nayo miezi minane. Akainua mkono.

"Ya kushoto," alisema kwa sauti kubwa. "Hiyo ndiyo kuni. Hiyo ndiyo ya Baba."

Vifijo vikakatika. Hakuhitaji kufunguliwa macho ili ajue.

Thurman alipiga paja akaangua kicheko. "Gesi! Kanusa gesi, jamani! Pua ya Mzee Junius imekula gesi ikaita baba!" Alicheka akazunguka, akapiga watu mabegani, na baadhi wakaanza kucheka naye. Halafu kicheko chake kikakatika. Alikuwa nyuma ya dada yake, na kitambaa kilikuwa kimesukuma nywele pembeni, na pale palikuwa na ule mstari wa nyuzi kumi na moja.

"Oze," alisema. "Wewe hujawahi kukosa. Tangu una miaka kumi na miwili hujawahi kukosa."

Ozella alivua kitambaa.

"Tangu lini?" Thurman aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Uliza beleshi lako."

Bibi Lovie alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Mtego wa panya hunasa aliyemo na asiyekuwemo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeutega. Alijaribu kusema, "Basi, tufanye..." lakini mchungaji alikuwa pale, na wazee wa kanisa walikuwa pale, na neno alilolitoa kwa bunduki mkononi lilikuwa limesikiwa na mtaa mzima. Mchungaji aliinamisha kichwa. Banda likawa la Thurman.

Ozella hakugombana. Hilo ndilo lililowatisha watu. Alikwenda kwenye kigogo, akachukua mapanga yake, akayafunga ndani ya aproni, akaelekea barabarani. Watu walimpisha. Thurman alimkimbilia akamzuia mbele ya banda.

"Dada. Mimi silitaki."

"Pisha."

"Silitaki hivi! Nilitaka nikushinde. Sikutaka..." Alikuwa analia, lile jitu. "Nipige. Chukua panga, nikate, nipasue kichwa tulingane. Nakuomba."

"Thurman, pisha."

"Nipige, Oze! Au unaogopa? Mwanamke huna pua, na mikono nayo imekufa?"

Basi alimpiga. Alidondosha mapanga akampiga ngumi ya mdomo, akampiga ya jicho, akampiga ya pua, na ile ya pua ilisikika ikivunjika. Thurman hakuinua mkono. Alianguka kwa magoti. Ozella akamnyanyua kwa kola akampiga tena. Kila ngumi alitoa kelele, si tusi, kelele tu, na watu walisimama mbali, hakuna aliyethubutu, hata mchungaji alitazama chini. Alimpiga mpaka vifundo vyake vikachubuka hadi mfupani, mpaka shati la Thurman likawa jekundu hadi kiunoni, mpaka mikono ikamlegea yenyewe. Akasimama anahema. Hakusikia nafuu yoyote, hata kidogo.

Thurman alikuwa ametambaa mavumbini, pua imekaa upande, damu inatoka kwa matundu yote mawili, anavuta pumzi kwa kukoroma. Aliinua kichwa ghafla.

"Oze."

"Usiniite."

"Nguruwe."

"Nguruwe nini?"

"Anaungua." Alitema damu. "Mafuta yameshika. Husikii?"

Ozella aligeukia banda. Bati zilikuwa zimetulia, moshi unatoka kama unavyotoka siku zote. Alivuta hewa kwa nguvu, kwa pua yake nzima, isiyo na jeraha. Hewa iliingia tupu. Na huyu, pua imevunjwa vipande na imejaa damu, alikuwa anasikia. Hapo ndipo alipoelewa kwamba haitarudi. Miezi minane yote alikuwa bado anangoja, na sasa akaacha kungoja, akasimama pale mbele ya watu wote akalia kwa sauti.

Thurman alikuwa amebaki magotini, anamtazama. Banda lilikuwa lake, na nguruwe alikuwa wake, na hakuinuka.

"Unangoja nini?" Ozella alimfokea huku machozi yanamtoka. "Ameungua upande gani?"

"Nyuma. Paja la kushoto."

Aliupiga teke mlango wa banda, akachota majivu ya kuzimia moto kwa mikono mitupu, na alipofunua bati, moto ukamrukia kifuani kutoka paja la kushoto.